“Distort”, “bias”, “skew”, “slant”: je, yote ni kupotosha?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri wa habari, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Kamusi ninayotumia inanipa “potosha” au “pindisha” kwa “distort”, “twist”, “warp”, “slant” na hata “skew”. Kwa “bias” inanipa “upendeleo”. Juzi mhariri amenirudishia makala niliyoiandika kwa Kiingereza, sentensi tatu zimepigiwa mstari mwekundu: “The article distorted the readers”, “The survey was distorted in favour of rich people”, na “The minister warped the figures”. Pembeni ameandika tu: “Neno si lake.” Naomba unieleze maneno haya yanatofautiana wapi, maana kwangu yote ni kupotosha.

Jibu: Marahaba, mwenzangu. Mhariri wako hakukuonea, ila amekunyima sababu, na sababu ndiyo uliyoihitaji. Sentensi zako zina makosa matatu yasiyofanana. Ya kwanza imekosea mtendwa, ya pili imekosea mwelekeo, ya tatu imekosea picha. Tuziendee moja moja, ingawa ya pili itatuchelewesha.

Kosa la kwanza umelibeba kutoka Kiswahili. Kwetu mtu hupotoka na habari nayo hupotoka, kwa hiyo ukimpotosha msomaji au ukiipotosha habari kitenzi ni kilekile na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo mara mbili: habari ndiyo inayokuwa “distorted”, msomaji anakuwa “misled”. Asili ya “distort” ni Kilatini “torquere”, kusokota, mzizi uleule uliozaa “torture”, mateso, na “torque”, ile nguvu ya kuzungusha ambayo mafundi wa injini huipima wanapokaza nati. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na picha hiyo kuliko potosha, nalo ni popotoa. Mtu huupopotoa mkono, huipopotoa shingo. Basi Mwingereza akisoma “The article distorted the readers”, anachokiona ni makala inayowapopotoa wasomaji wake shingo. Andika “The article misled its readers” kama lengo lako ni wasomaji, au “The article distorted the facts” kama lengo lako ni habari yenyewe.

Yako machache yanayokubali mtu na jambo pia. “Misquote” ni kumnukuu mtu vibaya, au kuyanukuu vibaya maneno yake. “Misrepresent” ni kumsema mtu asivyo, au kulieleza jambo lisivyo. “You misrepresented me” ni sentensi safi. Neno hili lina faida nyingine kwa mwandishi wa habari: halimshitaki mtu kwamba alikusudia. Uingereza ina sheria iitwayo Misrepresentation Act, ya mwaka 1967, na chini yake mtu aliyevutwa kuingia kwenye mkataba kwa maelezo yasiyo ya kweli anaweza kudai haki yake hata kama aliyeyatoa hakuwa na nia ya kudanganya. “Twist” haiko hivyo. Hiyo haimtaki mtu, inataka maneno yake, na ndani yake mna kusudi: “You twisted my words”, umenigeuzia maneno yangu, nawe ulijua unachofanya.

Sasa sentensi ya pili, ambayo ndiyo yenye mambo.

Ukisema kitu kiko “distorted” unadai jambo moja tu, kwamba kilikuwa na umbo lake na umbo hilo halipo tena. Hujasema limeharibikia upande gani, wala nani amefaidika. Kioo chenye mawimbi hukuonyesha uso “distorted”. Spika iliyofunguliwa kupita uwezo wake hutoa sauti “distorted”. Hakuna kati ya hivyo kinachompendelea mtu. Ndiyo maana “in favour of” ulipoiweka mbele ya “distorted” ilikosa pa kushika. Neno lililotakiwa hapo ni “biased”, kwa sababu “bias” haina maana mpaka kuwe na upande.

“Bias” iliingia Kiingereza katika karne ya 16 kutoka neno la Kifaransa “biais”, yaani hanamu. Washonaji bado wanaitumia kwa maana hiyo: kitambaa kilichokatwa “on the bias” kimekatwa hanamu badala ya kufuata nyuzi, na Madeleine Vionnet alipata sifa Paris miaka ya 1920 kwa magauni ya mkato huo, yanayouteleza mwili badala ya kuning’inia. Lakini maana unayoihitaji wewe ilikomaa kwenye mchezo wa “bowls”. Mchezaji anaviringisha tufe juu ya nyasi, akitaka lisimame karibu iwezekanavyo na katufe kadogo kilichotangulia. Tufe lile halijatengenezwa sawasawa pande zote. Zamani walilitia risasi upande mmoja. Siku hizi umbo lenyewe ndilo linalotofautiana. Linapotoka mkononi linakwenda kama limenyooka, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo linavyozidi kukunja kuelekea upande wake. Mkono haukukosea. Nyasi hazikuinama. Mvuto umo ndani ya tufe, na utalipeleka upande uleule ukilirusha mara mia.

Hiyo ndiyo “bias”. Wahenga wetu walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wamefika karibu sana, isipokuwa kwamba methali ina mtu anayevuta. “Bias” haimhitaji. Mizani inayozidisha kilo 1 kila unapopanda ina “bias”, na mizani haina moyo wa kumpenda wala kumchukia yeyote. Mizani inayokupa 60, kisha 63, kisha 58 kwa mtu yuleyule dakika ileile haina “bias”. Hiyo inayumba tu, na ukichukua wastani wa mara nyingi unaweza kuukaribia ukweli. Ya kwanza, pima mara elfu, wastani utakuwa umezidi kwa kilo ileile 1.

Mfano ambao walimu wa takwimu hawachoki kuusimulia unaifaa sentensi yako barabara, kwani nao ni wa matajiri. Mwaka 1936 jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza watu watampigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, hesabu ambayo hata leo hakuna mtafiti wa maoni anayeiota. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika vitabu vya namba za simu na orodha za wenye magari, na katika miaka ile ya ukata mwenye simu au gari hakuwa mtu wa kawaida. Juu ya hilo, aliyejisumbua kurudisha kadi hakuwa sawa na aliyeitupa. Hakuna aliyedanganya, hakuna jibu hata moja lililogeuzwa. Kila kadi ilisema kweli. Ndiyo maana huwezi kuuita utafiti ule “distorted”, na ndiyo maana kila kitabu kinauita “biased”. Nawe andika: “The survey was biased towards the rich.” “Biased in favour of” nayo inakubalika.

Kwa kuwa umeniuliza utajuaje lipi litumike wapi, chukua kitu kimoja kinachoyapokea maneno yote mawili uone yanavyodai mambo tofauti. Ramani ya dunia ya Gerardus Mercator ilitoka mwaka 1569, nayo iliwafaa mabaharia kwa sababu mstari ulionyooka juu yake ni safari isiyobadili pembe ya dira. Ili hilo liwezekane, nchi zilizo mbali na ikweta zilibidi kuvimba. Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika, ilhali Afrika ina kilomita za mraba zipatazo milioni 30 na Greenland milioni 2 na kidogo. Ungeweza kuzipanga Greenland 13 ndani ya Afrika na nafasi ikabaki. Sema “Mercator’s map distorts the size of Africa”, hakuna mchora ramani atakayekubishia. Ni hesabu, dunia ni tufe, karatasi ni bapa, na kila ramani bapa hupopotoa kitu fulani. Sasa sema “Mercator’s map is biased against Africa”. Hapo umeanzisha ugomvi. Mwaka 1973 Mjerumani Arno Peters aliitangaza ramani yake akidai hivyo hasa, kwamba ramani ya Mercator imezitukuza nchi za kaskazini na kuzidunisha za ikweta. Wachora ramani walimjibu kwamba ramani yake nayo inazipopotoa nchi, ila imehamishia popoto kwenye maumbo: Afrika yake ni ndefu na nyembamba kama nguo iliyoanikwa ikiwa imelowa. Walikuwa wanabishana juu ya “bias”. Juu ya “distortion” hawakuwa na la kubishana.

Niongeze jambo moja ambalo hufurahisha mafundi wa sauti zaidi ya wafasiri. Enzi za kurekodi kwa mkanda wa sumaku, mawimbi ya ziada yalichanganywa na sauti wakati wa kurekodi ili sauti isiharibike, na mawimbi hayo yanaitwa “bias”. Yaani kwenye kinasa sauti “bias” ndiyo dawa ya “distortion”. Ukipewa mwongozo wa kinasa sauti cha zamani kutafsiri ukaandika kwamba upendeleo unapunguza upotoshaji, mteja atadhani una homa.

Hapo nimeugusa upendeleo, na nina neno nao. Kwa “bias towards” unatosha mara nyingi. Kwa “bias against” hautoshi, bali unaleta kichekesho. “Upendeleo dhidi ya wanawake” nimeisoma kwenye ripoti nyingi za watu wenye heshima zao, na kila mara najiuliza mtu anampendeleaje mwenzake kwa kumkandamiza. Kiswahili kinataka uchague upande wa kusimulia: ama kuwapendelea wanaume, ama kuwabagua wanawake. Na kama mwenye “bias” si mtu bali ni mizani, sampuli au programu ya kompyuta, mimi huandika mwegemeo, kwa sababu mizani haipendelei. Si lazima unifuate, lakini usiitie mashine moyo.

“Prejudice” ni jirani yake, na wengi huwachanganya. Ni hukumu iliyotangulia ushahidi, ndivyo Kilatini chake kinavyosema, na ni ya watu tu. Mizani haiwezi kuwa nayo. Mtu mwenye “prejudice” ameshamkataa mwenzake kabla hajamsikia. Mwenye “bias” anaweza kumsikiliza mpaka mwisho, akatafakari, kisha akaegemea kule alikozoea kuegemea bila kujijua. Kuna mtego mmoja hapa ambao mimi mwenyewe nilinaswa. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliitafsiri barua ya wakili iliyokuwa na kichwa “Without prejudice”, nami nikaandika kwa herufi kubwa “BILA UBAGUZI”. Barua ilikuwa ya madai ya deni. Maana yake halisi ni kwamba mapendekezo yaliyomo ni ya kutafuta suluhu na hayawezi kutumiwa mahakamani kama ungamo. Mteja aliniuliza kwa upole nani alikuwa ametaka kumbagua mdeni. Sikuwa na jibu.

Kuhusu sarufi, nisikuache bila hili, maana hata Waingereza wenyewe siku hizi wanalikosea mitandaoni: “bias” ni nomino na kitenzi, kivumishi ni “biased”. “He is bias” ni kosa, na linatokana na kuisikia “-ed” ikimezwa kwenye mazungumzo. Wingi ni “biases”. Ukikutana na “biassed” yenye s mbili usiisahihishe kwa haraka; ni tahajia ya zamani kidogo, si kosa.

Tukija kwenye “skew”, tupo bado kwenye nyumba ya takwimu lakini chumba kingine. Asili yake ni Kifaransa cha kaskazini cha zamani, kwenye maana ya kukwepa, na undugu wake na “eschew” bado unaonekana. Kitu kilicho “skewed” kimelalia upande, hakikukaa wima. Kwa namba, maana yake ni hii. Watoto 10 wameulizwa wamesoma vitabu vingapi mwaka huu. Tisa kila mmoja amesoma 2, wa kumi amesoma 82. Jumla ni 100, wastani ni vitabu 10 kwa kila mtoto. Hakuna mtoto aliyesoma vitabu 10. Hakuna hata aliyekaribia. Wastani ule umevutwa na mtoto mmoja, nawe unaandika “The average is skewed by one child”. Watoto hawakudanganya, aliyewauliza hakupendelea, sampuli haina ubaya. Namba zenyewe ndizo zilivyo. Mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson alikuwa akiliandikia jambo hili mwaka 1895, na tangu hapo “skew” imekuwa istilahi, pamoja na jambo lake la kuumiza kichwa: “skewed to the right” inahusu mkia mrefu wa grafu kwenda kulia, ingawa kilima chenye watu wengi kipo kushoto. Mwanasiasa naye akisikia “skewed to the right” anafikiria mrengo wa kulia. Kwa hiyo unapolitafsiri angalia kwanza anayezungumza ni nani. Siku hizi pia utaliona bila mtendwa, “The audience skews young”, yaani wasikilizaji wengi ni vijana. Hapo hakuna kilichoharibika kabisa, na potosha ingekuwa aibu.

“Slant” ni neno la mwandishi, au tuseme la kalamu yake. Mwanzo ni mteremko, mshazari, na kwenye uandishi ni pembe unayolitazamia jambo. Si tusi siku zote. “A new slant on an old story” ni sifa. Umeiona habari ya zamani kwa jicho jipya. Linageuka lawama likiwa kitenzi au kivumishi: “a slanted report” ni ripoti iliyochagua maneno, ikachagua wa kuwahoji, ikachagua kipi kianze na kipi kizikwe aya ya mwisho, mpaka msomaji akateleza kuelekea anakotakiwa. Kila sentensi ndani yake inaweza kuwa kweli. Ndiyo maana ni vigumu kuikanusha. “Spin” inafanana nayo ila ina mwenyewe. Imetoka kwenye michezo ya mpira, kule kuuzungusha ili ukitua ubadili njia, na ilipoingia kwenye siasa za Marekani ikawapata watu wake: mwaka 1984, Ronald Reagan na Walter Mondale walipokuwa wakigombea, magazeti yalianza kuwaita “spin doctors” wale wasaidizi waliokimbilia kwa waandishi mara baada ya mdahalo kuwaeleza walichokiona hakikuwa walichokiona. Mwandishi ana “slant”; msemaji wa mkubwa ana “spin”. Wakati uliopita ni “spun”.

Maneno mawili yaangalie kabla hujayagusa. “Pervert” kama kitenzi ni halali kwenye sheria, “perverting the course of justice” ni kosa la jinai Uingereza, kuivuruga haki kwa kuficha ushahidi au kutisha mashahidi. Kama nomino ni tusi zito la mambo ya ngono, basi usimwite mtu hivyo kwa kuwa tu amekugeuzia maneno. Lingine ni “garble”, ambalo lina safari ya kupendeza. Limetoka Kiarabu “gharbala”, kuchekecha, likapitia Kiitalia kwenye biashara ya viungo, na London ilikuwa na afisa wa kuchekecha viungo ili kutenganisha uchafu. Kutoka kuchekecha likawa kuchagua, kutoka kuchagua likawa kuchagua kwa hila, na leo ni kuvuruga tu: ujumbe “garbled” ni ule ambao simu imekatakata hujui mwanzo wala mwisho. Hila imeondoka, limebaki vurugu. Usilitumie kwa mtu aliyekusudia.

Tumemfikia waziri wako. “Warp” ni ya mbao. Kwenye Kiingereza cha kale “weorpan” ilikuwa kurusha. Kwenye ufumaji ikabaki kuwa jina la nyuzi za mtande, zile zinazotangulia kutandwa kabla ya mshindio, na kwa seremala ikawa kule kubenuka kwa ubao uliokaushwa vibaya. Ubao haubenuki kwa siku moja. Unyevu unaingia, jua linapiga, baada ya miezi mlango haufungi. Kwa hiyo “warp” inapohamia kwa watu hubeba muda huo: “a warped mind”, akili iliyobenuliwa na miaka ya mambo mabaya. Namba za waziri hazikukaa juani. Alizishika mwenyewe, jioni moja, akijua anachotaka.

Neno la kuweka badala yake siwezi kukupa kabla sijajua alifanya nini, na hilo ndilo mhariri wako alipaswa kukuuliza. Tuseme wizara imetoa matokeo ya mtihani. Mwaka jana walifaulu wanafunzi 600 kati ya 1,000. Mwaka huu wamefaulu 620 kati ya 1,200.

Waziri akisimama akasema waliofaulu wameongezeka kwa 20, amesema kweli tupu. Hakutaja kwamba kiwango kimeshuka kutoka asilimia 60 hadi chini ya 52, na walioanguka wametoka 400 hadi 580. Hiyo ni “spin”: “The minister put a positive spin on the figures.” Gazeti likiichapa kauli yake kwenye kichwa cha habari na kuizika asilimia aya ya kumi na nne, gazeti ndilo “slanted”. Kama alianza kuwapunguza watahiniwa kwa visababu, huyu hakuhudhuria vizuri, yule alihama, mpaka 1,200 wakawa 1,030 na asilimia ikapanda, hapo “massaged” ndiyo neno, amezikanda namba mpaka zikalainika. Akifuta 620 akaandika 720, “doctored” au “falsified”. Kama hakukuwa na mtihani kabisa na jedwali lote limetungwa mezani, “cooked up”, na hapa Kiswahili na Kiingereza vimekutana jikoni bila kuagana, maana nasi tunasema amezipika. Kama matokeo ni ya shule za mjini pekee ila yametangazwa kuwa ya nchi nzima, sampuli ni “biased”, na huenda waziri hana habari. Kama shule moja kubwa yenye wanafunzi hodari ndiyo iliyoinua wastani, wastani ni “skewed”. Na kama mwandishi alimuuliza kwa nini walioanguka wameongezeka, naye akajibu kwamba mwandishi huyu anafurahia watoto kufeli, “he twisted the question”.

Ukitazama vizuri utaona kwamba hayo si mapambo ya kuchagua kwa sikio. “Spun” inasema namba ni sahihi. “Doctored” inasema si sahihi na kuna aliyezibadili, na mwanasheria wa waziri atakutaka uonyeshe karatasi. Chakachua yetu, ambayo tunaimwaga kila mahali kuanzia mafuta ya gari hadi kura, inayameza yote hayo mara moja, ndiyo maana ni tamu mdomoni na ni hatari kuitafsiri kwa neno moja. Kwa makala yako, kama unachoweza kuthibitisha ni kwamba alichosema hakilingani na jedwali la wizara yake, basi: “The minister misrepresented the figures.” Rudi kwenye daftari lako la mahojiano uone kama una zaidi ya hapo.